Kapu la Kimya

Pale kiwandani hakuna aliyewahi kumkosea adabu mpokea simu, na hilo ndilo lililokuwa likimchosha.

Kiwanda ni cha magodoro. Ukiingia mlango mkubwa unapokelewa na harufu ya sponji mpya, kisha kaunta, na nyuma ya kaunta yuko yeye, vipokea sauti kichwani, vidole kwenye vitufe vya swichibodi, akiunganisha simu za ofisi, za ghala na za wenye maduka walioagiza godoro la inchi nane wakaletewa la sita. Haoni tangu akiwa na miaka minne, surua ilipompitia. Kazi yake anaifanya vizuri kuliko wengi wenye macho. Hilo analijua, na wala hafichi kwamba analijua.

Shida ilikuwa wema wa watu. Akimwaga chai kwenye shati la mtu, mwenye shati ndiye anayeomba msamaha. Akichelewa, hakuna anayeuliza. Siku moja alimkatia simu meneja mwenyewe katikati ya maneno, kwa makusudi kabisa, ili ajue atafanywa nini. Meneja alipiga tena, akamwuliza kwa sauti laini kama ameshapata chakula cha mchana. Yeye alilelewa kwenye nyumba ya watoto saba ambako kipande cha nyama kilipatikana kwa viwiko. Hapa walikuwa wamemweka kwenye pamba, na pamba ikikaa sana mwilini inawasha.

Kila mwaka kiwanda kina bonanza lake. Idara nne zinashindana: ofisi, ghala, madereva na watu wa mashine. Wanavuta kamba, wanakimbia ndani ya magunia, wanacheza drafti na karata. Na kila mwaka afisa utumishi, mama mmoja mwenye moyo mzuri na mdomo usiopumzika, alimpangia mpokea simu kazi ile ile ya kukaa meza kuu na kugawa vikombe. Vidole vyake vilikuwa vimeshika vikombe vyote vya kiwanda kile, vidogo kwa vikubwa, na hakuna hata kimoja kilichokwenda naye nyumbani.

Mwaka huu kulikuwa na jambo jipya. Mtunza ghala, ambaye kila mtu alimwita Komeo kwa kuwa kitu kikishaingia ghalani kwake hakitoki bila karatasi tatu na sahihi mbili, alikuwa ameleta kantini mashine yake ya gemu ya zamani. Ilikuwa na gemu moja tu, ya mpira wa kikapu, ya enzi zile ambazo wachezaji kwenye runinga walikuwa na nyuso za pembe nne na mabega kama makabati. Kila mchana Komeo aliketi pale akawafunga watu. Alianza na madereva, akaja kwa mafundi, akawamaliza wapishi, mpaka akabaki anatafuta mtu wa kumfunga kama anayetafuta chenji. Afisa utumishi alipoona watu wanavyojaa, akaiingiza gemu ile kwenye orodha ya bonanza.

Mpokea simu aliisikia sauti ya gemu ile tangu siku ya kwanza, kupitia mlango wa kantini. Mkono wake ulisimama juu ya vitufe. Mpira ulidunda mara tatu, kiatu kikalia kwenye sakafu, wavu ukapigwa, na yule mtangazaji wa ndani ya gemu akapiga ukelele wake ule ule. Aliijua sauti ile kama anavyojua mlio wa mlango wa kwao.

Nyumbani kwao wadogo zake wawili wa kiume walikuwa nayo. Mkubwa kati yao alipopelekwa shule ya bweni, mdogo akakosa mtu wa kucheza naye, akamwekea dada yake pedi ya pili mikononi jinsi mtu anavyoweka jiwe mlangoni. Akamwambia abonyeze tu, chochote. Akamfunga themanini kwa sufuri. Hakumwachia hata kapu moja, na kila alipofunga alicheka mpaka akawa anashika tumbo. Dada mtu alilia siku ile kwa hasira, kisha akanyamaza, akaanza kusikiliza.

Akagundua kwamba mchezo wote umo kwenye sauti. Mpira ukiwa upande wa kushoto wa uwanja sauti inakuwa kubwa. Ukienda kulia inapungua, inapungua, mpaka inabaki mnong'ono. Akayapa makapu majina: kapu la kelele na kapu la kimya. Akajifunza kwamba mlinzi akiruka kiatu chake hulia mara moja, na akitua hulia mara mbili. Baada ya mwaka mmoja alimfunga mdogo wake hamsini na moja kwa arobaini na saba. Yule bwana akasema ni bahati. Basi wakaendelea na bahati hiyo miaka na miaka, mpaka mdogo mtu akaoa akahama, na mashine ikabaki kwa dada, imefunikwa shuka, inafunuliwa kila Jumapili.

Kwa hiyo orodha ya bonanza ilipopita, mpokea simu akamwomba karani wa mishahara amwandike kwenye mpira wa kikapu, upande wa ofisi. Afisa utumishi akaja kaunta mbio. Akamkumbusha kwamba nafasi yake ni meza kuu. Mpokea simu akajibu kwamba jina lake likifutwa, vikombe watavigawa wenyewe. Afisa akakubali, ila kwa ile sauti ambayo mtu humkubalia mtoto anayetaka kubeba ndoo iliyojaa.

Kisha kukawa na simu moja kutoka ofisi ya utumishi kwenda ghalani. Mpokea simu aliiunganisha mwenyewe. Hakusikiliza; alichelewa tu kidogo kutoa sikio. Akasikia Komeo akiambiwa amchukulie taratibu yule dada, amwachie mawili matatu afurahi, na Komeo akijibu kwamba hilo halina neno, hata yeye ana ubinadamu.

Siku nzima ile mpokea simu alikuwa na moto kifuani. Hakuwa akitaka kikombe. Alitaka mtu mmoja, mara moja tu, acheze naye kwa nguvu zake zote kama anavyocheza na mtu yeyote, na kwa nguvu hizo hizo amfunge. Tayari alikuwa amejisifu kwa kila aliyepiga simu wiki ile, hadi mwenye duka mmoja aliyekuwa akilalamikia mito iliyochanika. Maji ameshayavulia nguo, sharti ayaoge.

Jumamosi asubuhi kantini ilijaa. Meza zilikuwa zimesukumwa ukutani na watu walikaa juu yake, miguu ikining'inia. Komeo, kwa kuwa mashine ni yake na sifa ni zake, alicheza na kila idara kwa zamu. Akawafunga madereva. Akawafunga watu wa mashine. Ikabaki ofisi.

Mpokea simu aliongozwa hadi kwenye kiti na watu watatu, ingawa kiti kilikuwa umbali wa hatua sita na yeye alishazihesabu. Akapewa pedi. Vidole vikajipanga vyenyewe. Komeo, pembeni yake, akamsalimia kwa upole uliopita kiasi, akamwambia asiwe na wasiwasi. Mpokea simu akamjibu kwamba wasiwasi ameuacha kaunta.

Mpira ukarushwa, na hapo hapo mambo yakaharibika.

Kwanza sauti ilikuja kutoka kona ya kulia, kisha kutoka kona ya kushoto, na umati wa ndani ya gemu ukanguruma kutoka pande zote mbili kwa pamoja. Fundi umeme wa kiwanda, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameifunga mashine kwenye spika mbili kubwa za ukumbi, moja kila kona. Nyumbani mchezo ule ulitoka mahali pamoja, na yeye aliusoma kwa kupanda na kushuka kwake. Hapa ulikuwa mkubwa kila mahali. Mchezaji wake alikimbia akatoka nje ya uwanja. Akarudi, akatoka tena. Akatupa mpira kwenye kapu ambalo halikuwepo. Komeo akafunga, akafunga, akafunga. Ilipofika kumi na nane kwa mbili, karani wa mishahara akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyeona basi lake linaondoka.

Ndipo likaja lile alilokuwa akiliogopa kuliko kufungwa. Mchezaji wake alikuwa akikokota mpira ovyo ovyo, na mbele yake pakawa patupu. Hakuna kiatu kilicholia. Hakuna aliyeruka. Akafika mpaka chini ya kapu peke yake kama mtu anayeingia chumbani kwake, akaweka mpira wavuni. Kantini ikapiga makofi. Yalikuwa makofi ya taratibu, yenye tabasamu ndani yake, yale anayopigiwa mtoto aliyemaliza kuimba herufi. Mara ya pili ikawa vile vile, na makofi yakazidi. Nusu ya kwanza ikaisha kumi na nane kwa sita.

Afisa utumishi alikuwa ameshaanza kusema jinsi dada yetu alivyotutia moyo sote. Mpokea simu akageuza kichwa upande wa fundi umeme.

"Fundi, umechomeka plagi ngapi?"

"Zote tatu, dada. Ya manjano ya picha, nyeupe ya sauti ya kushoto, nyekundu ya kulia. Mzigo kamili."

Mpokea simu akazihesabu za kwao. Runinga ya nyumbani ilikuwa na matundu mawili tu, moja la picha na moja la sauti. Plagi ya tatu ilikuwa ikining'inia nyuma ya meza miaka yote. Aliigusa kila alipopangusa vumbi, akadhani ni ya akiba. Kumbe alikuwa akisikia nusu ya mchezo. Kwanza aliona aibu, halafu aibu ikageuka. Kwa nusu hiyo hiyo alikuwa amemfunga mdogo wake mwenye macho mawili na runinga nzima mbele yake.

"Chomoa nyekundu," akasema.

Fundi akamweleza kwa heshima kwamba akiichomoa atabaki na nusu ya sauti, spika moja itakufa.

"Nusu ndiyo yangu. Chomoa."

Kisha akamgeukia Komeo. Hakupandisha sauti. Alizungumza naye kama anavyozungumza na mteja anayejaribu kumdanganya tarehe ya risiti.

"Na wewe. Umeniachia makapu mawili. Mlinzi wako hakuruka, viatu vyake havikulia. Ukiniachia tena nitasikia, na nikisikia naweka hii pedi chini naondoka, na utabaki na ubinadamu wako."

Komeo alijikohoza. Akaanza kusema kwamba yeye hakukusudia, kwamba labda mlinzi aliteleza, kisha akaona heri aache.

Nusu ya pili ilipoanza, mpokea simu alifanya jambo ambalo watu wa ofisi hawakulisahau, maana wengine walishika vichwa. Mpira ukiwa wa Komeo, yeye aliondoa vidole kwenye vitufe, akaweka pedi mapajani, akangoja. Komeo naye akasita. Mpokea simu akamwambia afunge, anangoja nini. Komeo akafunga. Ilipofika zamu ya mpokea simu, akautupa mpira nje kusudi, akangoja tena, Komeo akafunga tena. Ishirini na mbili kwa sita.

"Zako nne hizo, nimekurudishia," akamwambia. "Sasa tucheze."

Sauti sasa ilikuwa inatoka kona moja tu, na uwanja wote ukarudi mahali pake. Timu zilikuwa zimebadilishana pande. Yeye alikuwa akishambulia kulia, kwenye kapu la kimya. Mtu angedhani kapu la kelele ndilo rahisi kwa asiyeona. Wapi. Penye kelele kila kitu kinapiga mayowe kwa pamoja. Penye kimya, ukisikia kiatu kimoja, ni hicho hicho.

Akafunga la kwanza kutoka mbali, pointi tatu. Akafunga la pili. Watu wakapiga makofi, bado yale ya huruma. La tatu likaingia, na makofi yakapungua, kwa sababu watu walikuwa wameanza kuangalia. Komeo alicheka kidogo, akasema sawa, sawa. Kisha kiti chake kikalia. Alikuwa amejisogeza mbele. Ilipofika ishirini na sita kwa ishirini, akaacha kabisa kumwita dada.

Hapo mechi ikawa mechi. Komeo alimnyang'anya mpira mara mbili mfululizo, na mara ya pili akamcheka, kicheko cha kumkoga mtu, karibu kabisa na sikio lake. Mpokea simu akahisi raha kama mwenye njaa aliyesikia mafuta yanachemka jikoni. Naye hakumwacha. Alipomzuia mpira angani akamwuliza kama hata huo ulikuwa na karatasi tatu. Watu wa ghala wenyewe wakacheka. Dereva mmoja akaanza kuhesabu sekunde kwa sauti, akaambiwa afunge mdomo. Jasho lilikuwa linamtiririka Komeo. Mpokea simu alilisikia likidondokea kwenye plastiki ya pedi. Lake mwenyewe lilikuwa limeshalowanisha mgongo wa blauzi ya bonanza.

Thelathini na moja kwa thelathini. Thelathini na moja kwa thelathini na mbili, yeye mbele, na watu wa ofisi wakaruka juu ya meza. Thelathini na tatu kwa thelathini na mbili, Komeo mbele, na watu wa ghala wakaruka zaidi. Zikabaki sekunde kumi na moja. Hizo alisomewa na karani wa mishahara, ambaye sauti ilikuwa imemkauka.

Mpira ulikuwa wake. Akaukokota kuelekea kulia, na sauti ikazidi kupungua, kudunda kukawa kugonga, kugonga kukawa kugusa. Mlinzi wa Komeo alikuwa mbele yake. Kiatu chake kililia huku, kikalia kule. Hakutupa. Karani akasema tano. Hakutupa. Akagusa kitufe nusu, kama anayetaka kuruka, akakiachia. Kiatu cha mlinzi kikalia mara moja: ameruka. Yeye akangoja. Pale pale viatu vilipolia mara mbili, vikitua, mchezaji wake alikuwa ameshapanda.

Wavu ule wa upande wa kimya hausikiki vizuri. Ni mkwaruzo mdogo, kama kitambaa kinachovutwa mezani. Aliusikia yeye kabla ya watu kuuona.

Thelathini na nne kwa thelathini na tatu. Kantini ikapasuka. Meza ikaanguka na watu wake. Mtu alimkumbatia kutoka nyuma, kwa harufu ya wino akamjua ni karani wa mishahara. Makofi yalikuja bila mpango, mengine juu ya mabati ya dirisha, na mtu mmoja wa ofisi alikuwa akipiga kelele tu zisizo na neno.

Komeo aliipiga pedi juu ya meza.

"Sikubali," akasema. "Kitufe changu kinanasa. Hii mechi siihesabu, sikubali kabisa."

Watu wakamzomea. Naye akawajibu wote, mmoja mmoja, akasema mpokea simu amepoteza muda makusudi, akasema sekunde zilihesabiwa vibaya, akamwambia mpokea simu usoni kwamba amembahatisha na Jumatatu saa ya chakula aje amwoneshe. Hakungoja jibu. Viatu vyake vilivuka kantini kwa hasira, mlango ukabamizwa, na baadaye kidogo wakasikia mlango wa ghala nao ukibamizwa, ingawa siku ile ghala halikuwa na kazi.

Afisa utumishi aliona aibu mpaka akakosa pa kuiweka. Akasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Akasema mtu mzima mzima anashindwa kuwa na adabu, tena mbele ya mtu ambaye, na hapo akaishia, maana neno lenyewe aliona haya kulitamka. Akamshika mpokea simu mkono, akamwambia amsamehe, atamwita ofisini, ataandikiwa barua ya onyo, ataomba radhi mbele ya wote.

"Thubutu," akasema mpokea simu, akicheka huku machozi yakimtoka, pedi bado mkononi. "Usimguse. Mwacheni anune. Miaka kumi na moja niko hapa, hakuna hata mmoja aliyewahi kuninunia."